Kuharibu Mimba, na Wajibu Wetu Sisi Wakristo

(Hotuba kwa walimu, wazee wa kanisa na Wakristo wote, katika siku za yubile ya dayosisi)



Katika siku hizi za yubile tumesikia habari nyingi za furaha: makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, watu waliobatizwa. Twamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini yubile si sikukuu ya kuhesabu mema yetu tu. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, twasoma ya kuwa mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa kuwaachia huru waliofungwa, na kumrudisha kila mtu kwa jamaa yake. Basi asikiaye baragumu ya yubile yampasa kuuliza: Ni nani wa jamaa yetu aliye nje, asiyeweza kurudi?

Ndiyo sababu tumeagizwa kunena habari ya kuharibu mimba, ambayo watu huinong'ona kisimani na uani, wala hawaitaji kanisani. Twataka kusema maneno mawili, na twawasihi msiyatenganishe. La kwanza: mtoto aliye tumboni ni mtu wa Mungu, na kumwua ni dhambi. La pili: Kanisa linenalo hivyo limejifunga kumfungulia mlango mama yake, nalo likimfungia, lina sehemu yake katika dhambi ile.

Tuanze na Maandiko. Nabii Yeremia, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, aambiwa na Bwana ya kuwa alijulikana na kutakaswa kabla hajatoka tumboni. Mwenye Zaburi ya 139 astaajabu kwa kuwa Mungu alimwona na kumfanyiza mahali pa siri, jicho la mtu lisipoweza kumwona bado. Na Mtakatifu Luka atusimulia jinsi Mariamu alivyokwenda kwa haraka mpaka nyumbani kwa Elisabeti. Mimba ya Mariamu ilikuwa ya siku chache tu. Hapana jirani ambaye angeweza kuitambua. Lakini Elisabeti alimwita mama wa Bwana wake, na Yohana akaruka tumboni kwa furaha. Basi twaamini ya kuwa Mwana wa Mungu hakuanza kuwa mwanadamu siku ya Bethlehemu. Alianza siku ya Nazareti. Kila tusemapo Imani ya Mitume twakiri neno hilo, maana twataja kutungwa kwake mimba kabla ya kutaja kuzaliwa kwake. Yeye aliyeipita njia hiyo yote ameitakasa yote.

Watu huuliza: Je, tangu siku gani mimba ni mtu? Swali hili ni la zamani. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alifundisha ya kuwa mtoto wa kiume hupata umbo siku ya 40 hivi, na wa kike karibu na siku ya 90. Waalimu wengine wa Kanisa waliifuata hesabu hiyo, wakapambanua kati ya mimba yenye umbo na mimba isiyo na umbo. Lakini hata hao hawakumpa mtu ruhusa ya kuiharibu. Mtakatifu Basil, Askofu wa Kaisaria katika Kapadokia, alimwandikia Askofu Amphilochius barua karibu na mwaka 374, akasema wazi kwamba sisi Wakristo hatuna upambanuzi huo mwembamba. Aharibuye mimba kwa kusudi ana hatia ya kuua. Siku hizi elimu ya matabibu imetuonyesha mengi ambayo Aristotle hakuweza kuyaona. Mimba inapotungwa, tangu mwanzo huwa na urithi wake wenyewe, si wa mama peke yake wala si wa baba peke yake. Kabla ya majuma manne kutimia, moyo umekwisha anza kupiga. Majuma manane yakiisha, vidole vya mikono vimekwisha tengana. Elimu hiyo haiwezi kutuambia habari za roho, maana si kazi yake. Lakini hapana tena awezaye kusema ya kwamba kilichomo tumboni ni damu tu.

Sasa tutazame nyuma, tuone watu walikuwaje kabla ya kusikia neno hili. Mwaka 1 kabla ya Kristo, mtu mmoja jina lake Hilarion, aliyekuwa mjini Alexandria katika Misri kwa kazi, alimwandikia barua mkewe Alis. Nayo barua hiyo imeonekana katika mchanga wa Oxyrhynchus, hata leo yasomeka. Ni barua ya upendo. Amsalimu, amwambia asiwe na wasiwasi, amsihi amtunze mtoto wao mdogo, aahidi kumpelekea fedha mara apatapo ujira. Na katikati ya maneno hayo mema amwagiza: akijifungua mtoto wa kiume, amwache, akijifungua wa kike, amtupe. Hilarion hakuwa mtu mkali. Alikuwa mume mwema aliyefuata desturi ya watu wake, wala desturi ile haikumwonyesha kwamba alikuwa akiagiza kifo.

Katikati ya watu kama hao Kanisa lilianza kusema vingine. Kile kitabu kidogo kiitwacho Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa karne ya 2, chakataza pamoja, katika neno moja, kumwua mtoto tumboni na kumwua akiisha kuzaliwa. Karibu na mwaka 177 Athenagoras alimwandikia Kaisari kuwatetea Wakristo. Watu walikuwa wakiwasingizia kwamba huua watu na kuwala. Naye akajibu: Tutawezaje kuua mtu, sisi tusemao ya kuwa hata mwanamke atumiaye dawa kuharibu mimba ameua, naye atatoa hesabu mbele za Mungu? Hivi ndivyo Wakristo walivyojulikana. Na neno hilo halikuishia katika karne zile. Maaskofu wetu waliokutanika Lambeth mwaka 1930 walilisema tena.

Lakini tusiwacheke watu wa Misri na Roma, maana sisi nasi tuna vigego vyetu. Wazee wetu wajua. Katika makabila mengi ya pwani na ya bara, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi, akauawa au kutupwa. Na mahali pengine mapacha walitendewa vivyo hivyo. Wazazi wa watoto hao hawakuwa wanyama. Waliwalilia watoto wao. Lakini waliogopa: waliogopa mkosi utakaoingia nyumbani, na zaidi waliogopa maneno ya watu, maana mwenye kumficha kigego alitengwa na jamaa zake. Hofu ndiyo iliyomwua kigego. Na ninyi walimu, mkitaka kujua ni nini kiuacho watoto tumboni leo, msitafute mbali; ni hofu ile ile, imebadili nguo tu.

Tumfikirie binti wa miaka 16, aliyepata kipaimara, aimbaye katika kwaya, asomaye sekondari. Ameona ya kuwa ana mimba. Amwogopa baba yake. Amwogopa mwalimu. Na sisi je? Atuogopa sisi pia. Ajua ya kuwa jina lake litatajwa katika baraza la wazee, ya kuwa atatengwa na Meza ya Bwana, ya kuwa katika mitaa mingine hata ubatizo wa mtoto wake utacheleweshwa, kana kwamba mtoto ndiye aliyekosa. Na yule mwanamume? Pengine ameketi kiti cha mbele, apokea Komunyo kila Jumapili, naye tumbo lake halimshitaki. Binti akilia, twamjibu kwa mithali: Mwiba wa kujichoma hauna kilio. Ndugu zetu, mithali ni njema mahali pake, lakini hapa yasema uongo. Je, alijichoma peke yake? Tena yule wa pili aliye tumboni, alijichoma lini?

Ndipo huja mtu usiku, na mizizi, au na vidonge, au na kijiti, amwambia: Neno hili laweza kwisha kesho, wala hapana atakayejua. Hapo binti aona milango miwili. Mmoja umeandikwa aibu ya maisha yote, nasi ndio tulioandika. Wa pili umeandikwa siri. Je, twastaajabu akiuchagua wa pili? Wengine hupita mlango huo wasirudi, wamekufa kwa kutokwa damu na kwa sumu, na kaburini twasoma sala juu yao bila kuuliza sehemu yetu.

Mtu asidhani twasema haya ili kuipunguza dhambi. Twataka kufuata njia waliyoifuata baba zetu wa kwanza. Walipokutanika maaskofu katika mji wa Ancyra, ambao sasa huitwa Ankara katika Uturuki, mwaka 314, walikuta amri ya zamani iliyowatenga wanawake walioharibu mimba mpaka saa ya kufa. Hawakusema kwamba dhambi ile ni ndogo. Walisema wanataka kutenda kwa huruma zaidi, wakaweka toba ya miaka kumi kwa madaraja yake. Mtakatifu Basil akaishika kanuni hiyo, akaongeza ya kuwa uponyaji usipimwe kwa urefu wa miaka, bali kwa namna ya kutubu. Tena asema neno ambalo lapasa kuandikwa katika mioyo yetu: kwamba hukumu hii ni kwa ajili ya mtoto, na pia kwa ajili ya mwanamke mwenyewe aliyejidhuru, kwa kuwa mara nyingi wanawake hufa katika jambo hilo. Yaani aliwaona wawili. Alimlilia mtoto, akamlilia mama.

Tena kuna kanuni nyingine ya Basil, katika barua yake nyingine kwa Amphilochius. Asema ya kuwa wanawake waliozini na kuungama, baba zetu walikataza kuwatangaza mbele ya watu, ili tusiwe sababu ya kifo chao. Wasimame pamoja na waumini, ila wasishiriki, mpaka muda wa toba utimie. Basi miaka zaidi ya 1,600 iliyopita Kanisa lilijua ya kuwa aibu ya hadharani yaweza kuua. Sisi tuliokuja nyuma tumesahau. Wala Basil hakuweka kanuni tu. Nje ya mji wake alijenga nyumba ya kuwapokea maskini, wageni na wagonjwa. Mwenye kusema "usiue" alijenga mahali pa kuishi.

Na kabla ya Basil alikuwapo Yusufu. Mtakatifu Mathayo amwita mtu wa haki, na papo hapo atuambia ya kuwa hakutaka kumwaibisha Mariamu. Haki yake ilionekana katika kumwonea haya binti aliyemdhania amekosa. Angelikuwa mtu wa kutangaza, tungesomaje leo habari ya Krismasi?

Sasa twajua mtatuuliza maswali mawili magumu, nayo si ya kuficha. La kwanza: Kama maisha ya mama yamo hatarini? Iko mimba itungayo nje ya mji wa mimba. Mtoto hawezi kabisa kuishi, na mama asipotibiwa upesi atakufa. Tabibu amwokoaye mama huyo hafanyi kazi ya yule aletaye kijiti usiku. Hakuja ili kuua; amekuja kuokoa yule awezaye kuokolewa. Hata Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo katika vifungu vya 150 mpaka 152 yamwadhibu aharibuye mimba, na mwanamke mwenyewe, na atoaye dawa, haimhesabii kosa, katika kifungu cha 230, tabibu apasuaye kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama.

La pili: Kama binti ametendwa jeuri? Hapa tunene polepole, tukiwa tumevua viatu. Huyu hakutenda dhambi; ametendewa. Asiletwe mbele ya baraza lo lote, wala asiulizwe alivaaje na alipita wapi. Apelekwe hospitali siku ile ile, na mwenye jeuri apelekwe mbele ya sheria, hata akiwa mjomba, hata akiwa mwalimu, hata akiwa mtu wa kanisa. Na mimba ikiwapo, twaamini ya kuwa mtoto hachukui hatia ya baba yake. Lakini asemaye hivyo kwa binti huyo, kisha akaenda zake nyumbani kula chakula chake, amemtwika mzigo asioutaka kuugusa kwa kidole. Heri angenyamaza. Imani yetu yatutaka kusema neno hilo huku tumeshika ncha ya pili ya mzigo.

Basi, tufanye nini? Twaona mambo manne.

Kwanza, walimu. Msichana akionekana ana mimba, ninyi ndio wa kwanza kujua, na neno lenu la kwanza laweza kuwa uzima au mauti. Zamani shule zilimfukuza, na mlango ukafungwa. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa kupata mimba aruhusiwe kurudi akiisha kujifungua. Itakuwa aibu kwetu ikiwa shule ya Serikali yamrudisha, na shule yenye msalaba juu ya mlango yamkataa. Mwambieni mapema, asikie kwa vinywa vyenu: Utazaa, utarudi, utamaliza. Tena wafundisheni wavulana pamoja na wasichana habari za mwili na za usafi wa moyo kabla ya shida kuja, maana mtoto asiyefundishwa na mwalimu wake hufundishwa na barabara.

Pili, mapadre na wazee wa kanisa. Hukumu isiwe ya upande mmoja. Mwanamume atafutwe, asemwe naye, alee. Sheria ya Elimu, kama ilivyobadilishwa mwaka 2016, yamwekea kifungo cha miaka 30 ampaye mimba mwanafunzi. Na sisi je, twamwekea kiti cha mbele? Maungamo yawe siri, na toba iwe dawa wala si fimbo. Na mtoto akizaliwa, abatizwe pamoja na watoto wengine, siku ile ile, kwa kisima kile kile. Jina la "mwana haramu" lisisikiwe kinywani mwa Mkristo. Hapana mtoto aliye haramu, kuna matendo tu.

Tatu, akina mama. Mariamu alipokuwa na mimba isiyoelezeka, alipata nyumba ya jamaa mmoja mwenye umri mkubwa, akakaa karibu miezi mitatu. Ni akina Elisabeti tunaowahitaji. Tungependa kila mtaa uwe na mama wawili au watatu waaminifu, wasiojua kusengenya, ambao binti aweza kuwaendea hata usiku. Wamsindikize kliniki, waseme na baba yake, wampokee kama nyumbani hapakaliki. Kazi hiyo yahitaji kitanda, chakula, na ulimi uliofungwa, zaidi ya fedha nyingi. Na mwanamke akipatikana anatokwa damu, hata kama mwajua amefanya nini, apelekwe hospitali mara moja. Kumtibu si kushiriki dhambi yake. Msamaria hakumwuliza mtu aliyejeruhiwa kwa nini alipita njia ile.

Nne, wazazi. Baba amwambiaye binti yake, "Ukipata mimba usirudi hapa," adhani anamlinda. Kumbe anamfundisha mahali pa kwenda siku ile: po pote, ila kwake. Baba wa mwana mpotevu alitazama njia.

Imebaki neno moja. Katika mkutano mkubwa kama huu bila shaka wamo waliokwisha kulitenda jambo hili: mwanamke aliyelificha miaka mingi, mwanamume aliyetoa fedha, mama aliyemchukua binti yake kwa mganga kwa hofu ya majirani. Mmesikia maneno yetu na mioyo yenu imechomwa. Twawaambia ninyi: Kristo aliufia ulimwengu huu wenye dhambi, wala hamkusahauliwa katika hesabu yake. Nendeni kwa padre. Ungameni. Mtaondolewa mzigo, na yule mtoto msiyemwona yumo mikononi mwa Mungu, aliyemjua kabla ninyi hamjamjua.

Kanisa letu la upande huu lilikua kwa kuwapokea watoto ambao hakuna aliyewataka. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali pale pale watu walipouzwa. Watoto walioachiliwa katika majahazi waliletwa kwa wamisheni wa Vyuo Vikuu, na hapakuulizwa kwanza baba zao ni nani. Wengine wao ndio waliotuletea Injili. Ikiwa Kanisa lilijengwa juu ya soko, lisishindwe kumjengea binti mmoja mahali pa kuzalia.

Mungu, mwenye kuwafahamu wote kabla hawajazaliwa, atupe midomo isemayo kweli na mikono ifunguayo milango, kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwana wa Mariamu, Bwana wetu. Amina.